Kikikosekana, Itakuwaje? Kuchagua Kivumishi cha Umuhimu na Ulazima katika Kihispania

Mswahili anayejifunza Kihispania hukipata kivumishi "importante" mapema sana, na akishakipata hakiachii. Ni chepesi kutamka, hakibadiliki kwa jinsia, na kila linapomjia kichwani neno "muhimu", chenyewe kiko tayari ulimini. Mkutano ni importante, pasipoti ni importante, chanjo ni importante, kunywa maji mlimani ni importante. Akiona jambo moja linayapita mengine huongeza "muy", na likizidi zaidi humwaga "muy, muy". Msikilizaji kutoka Madrid au Bogotá anamwelewa neno kwa neno, lakini hajui afanye nini na maelezo hayo. Asipofanya lipi atazuiwa uwanja wa ndege? Asipofanya lipi ataumia? Na lipi ni ushauri tu wa mwenyeji mwenye nia njema? Dai la makala haya ni kwamba kivumishi cha aina hii hakichaguliwi kwa kupima jinsi jambo linavyokugusa moyoni. Kinachaguliwa kwa kuuliza kitu kikikosekana itakuwaje, na ni nani au ni nini kinacholazimisha kiwepo. Anayejiuliza hivyo kabla ya kuandika sentensi yake hufika kwenye neno sahihi mara nyingi kuliko anayekariri orodha ya visawe.

Chanzo cha tatizo si uvivu wa mwanafunzi. "Muhimu" ya Kiswahili cha leo imebebeshwa mizigo mingi mno. Tunasema mtu muhimu, tukimaanisha mwenye cheo. Nyaraka muhimu, tukimaanisha zile ambazo bila hizo faili halipokelewi. Ni muhimu ufike mapema, tukimaanisha usipofika utakosa nafasi au tutakasirika. Uzito, ulazima na ushauri vyote vimo ndani ya neno moja, na anayetusikiliza huamua kwa muktadha na kwa sauti. Hata hivyo haiwezi kusemwa kwamba Mswahili hajui kutofautisha. Kila aliyepita madrasa anajua kwamba faradhi si sunna: ya kwanza ukiiacha una dhambi, ya pili ukiifanya unapata thawabu na ukiiacha huandikiwi kitu. Hata asiyepita huko anajua kwamba "sharti" lina harufu ya mkataba, kwamba "hapana budi" maana yake njia nyingine zimefungwa, na kwamba "afadhali" inamwachia mtu hiari yake. Tofauti hizo ndizo zinazotakiwa kuhamishiwa kwenye Kihispania, badala ya kuihamisha "muhimu" peke yake na kuiachia kazi ya wote.

Tuanze na maswali ambayo kila kivumishi hujibu. "Importante" husema jambo lina uzito, na swali lake ni: kwa nani? "Es importante para mi familia" ni sentensi iliyokamilika, na hakuna anayetarajia uendelee kueleza nini kitaharibika. "Necesario" huuliza swali jingine: kwa ajili ya nini? Kitu hakiwi necesario hivi hivi tu. Kinakuwa necesario ili lengo fulani litimie. Picha mbili za pasipoti ni necesarias kwa ajili ya viza, basi, na mtu asiyetaka viza hazimhusu. "Obligatorio" huuliza: kwa amri ya nani? Nyuma yake pana sheria, kanuni au mamlaka, na ndiyo maana Katiba ya Hispania ya mwaka 1978, katika ibara ya 27, inatumia kivumishi hicho kwa elimu ya msingi. Haikusema elimu ni jambo zuri, wala kwamba inahitajika kwa lengo fulani. Imesema ni wajibu. "Urgente" huuliza: mpaka lini? Jambo linaweza kuwa dogo kabisa na bado likawa urgente, na linaweza kuwa zito kuliko yote na lisiwe na haraka yoyote. Na "imprescindible" imetokana na kitenzi "prescindir", yaani kufanya mambo yako bila kitu fulani. Kwa hiyo imprescindible ni kile ambacho huwezi kufanya bila hicho. Swali lake ndilo lile la kichwa cha makala haya.

Tuliangalie hilo kwa karibu kwenye kazi ambayo Waswahili wengi wanaifanya kwa Kihispania kweli, yaani kupokea wageni wa Kilimanjaro. Kampuni ya Moshi inaandaa orodha ya kumtumia mgeni wa Hispania kabla hajapanda ndege. Rasimu ya kwanza, ile inayoandikwa na mtu aliyezoea importante, itakuwa na mistari sita inayofanana: mwongozaji ni importante, mfuko wa kulalia ni importante, fimbo za kupandia ni importantes, maji ni importante, bima ni importante, bakshishi ni importante. Mgeni akisoma hivyo atapima mwenyewe, na atapima kwa mazoea ya milima ya kwao. Pale Pirineos watu hupanda bila mwongozaji, kwa hiyo anaweza kudhani mwongozaji ni pendekezo la kibiashara. Lakini kanuni za Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro haziruhusu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Kwa hiyo hapo hakuna mjadala: "Es obligatorio subir con un guía autorizado." Neno obligatorio linamwambia mgeni kwamba anayedai ni hifadhi, hivyo asijisumbue kujadiliana na kampuni.

Mfuko wa kulalia ni habari nyingine. Hakuna askari wa hifadhi atakayeufungua mzigo getini kuukagua. Lakini kambi za juu zina baridi inayoshuka chini ya nyuzi sifuri, na kilele kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Mtu asiye na mfuko mzito halali, na asiyelala hafiki. Kwa hiyo: "El saco de dormir de invierno es imprescindible." Anayelazimisha hapa ni mlima wenyewe. Fimbo za kupandia husaidia magoti wakati wa kushuka, lakini wapo wengi wanaofika na kurudi bila fimbo, basi fimbo "son recomendables". Kunywa maji na kwenda polepole ni jambo ambalo safari nzima inasimama juu yake, na Mhispania mwenyewe hapo angesema "es fundamental beber mucha agua", kwa sababu "fundamental" na "esencial" hutumika kwa jambo lililo msingi wa mengine. Bakshishi sasa. Haimo kwenye kanuni, ila ni desturi inayotarajiwa, na wapagazi wanaitegemea. Anayeandika "la propina es importante" ameacha utata, na akipindisha kidogo akaandika "una propina importante" ameomba kitu kingine kabisa: bakshishi nono. Njia safi ni kusema ukweli wenyewe, "la propina no es obligatoria, pero es costumbre", kisha kutaja kiasi kinachozoeleka.

Bima ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini maswali mawili yanahitajika na si moja. Mgeni yuleyule akishuka mlima huenda akavuka kwenda Zanzibar. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia huko anatakiwa kuwa na bima maalumu inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44, hata kama tayari ana bima yake aliyoikata nyumbani. Hiyo ni obligatoria. Mgeni mwenye bima nzuri ya Madrid anaweza kulalamika kwamba kwake haikuwa necesaria, na kwa mantiki ya lugha hajakosea: lengo lake la kulindwa lilishatimia. Lakini obligatorio haijali lengo la mtu. Upande wa pili, bima inayogharimia kushushwa mlimani kwa dharura ni imprescindible kwa akili ya kawaida, iwe kuna kanuni inayoidai au hakuna. Vitu viwili vya jina moja, vivumishi viwili, na mgeni anayejua kuvitofautisha hatafika bandarini Malindi, Zanzibar, akiwa na hasira na ofisa asiyehusika.

Ushahidi kwamba tofauti hizi ni za kweli, na si mapambo ya walimu, unapatikana kwenye ukanushi. Kanusha kila kivumishi uone kinakwenda wapi. "No es importante" maana yake ni jambo dogo, usilitie maanani. "No es necesario que venga" maana yake usijisumbue, mambo yatakwenda bila wewe kuja. "No es obligatorio" maana yake hiari yako, sheria haikulazimishi. "No es imprescindible" husikika kama maneno ya mtu anayetaka uje ila hataki kukulazimisha: tunaweza bila wewe, lakini ungekuja ingefaa. Na "no es conveniente que venga" imegeuka kabisa, imekuwa onyo: afadhali usije. Kama vivumishi hivi vingekuwa ngazi za umuhimu mmoja, vinavyotofautiana kwa nguvu tu, ukanushi wake ungetupa ngazi za kutokuwa muhimu. Haukutupa. Umetupa mambo matano yasiyofanana: dharau, ruhusa, uhuru wa kisheria, mwaliko wa upole na onyo. Mwanafunzi anayesita kati ya maneno mawili ayakanushe yote kichwani. Mara nyingi lile lisilofaa hujitoa lenyewe.

Kipimo cha pili ni "muy". Unaweza kusema "muy importante", "importantísimo", "muy necesario", "muy conveniente", "muy recomendable". Lakini "muy obligatorio" humfanya Mhispania acheke kidogo, kwa kuwa sheria haina sana wala kidogo, na "muy imprescindible" humkera mwandishi makini, kwa kuwa ama unaweza kufanya bila kitu ama huwezi, hapana sana wala kidogo. Akitaka kutilia mkazo atasema "absolutamente imprescindible". Hii ni dalili nyingine kwamba imprescindible si "importante" iliyoongezewa chumvi. Anayetaka kupanda kutoka kwenye uzito hadi kwenye ulazima kwa kuongeza muy, akaongeza na nyingine, hafiki. Anazidi kuelezea anavyojisikia yeye.

Upande wa sarufi, Mswahili ana bahati ambayo walimu wengi hawaitumii. Kihispania kinataka baada ya vivumishi hivi kitenzi kibadilike umbo na kuwa kile wanachokiita subjuntivo: "es necesario que llegues", si "llegas". Wanafunzi wengi wa lugha nyingine huhangaika nacho miaka. Sisi tunakifanya kila siku bila kukiita jina. Tunasema "ni lazima ufike", si "ni lazima unafika". "Ni muhimu wajue", "afadhali apumzike", "hapana budi tuondoke". Ile -e ya mwisho inafanya kazi ileile. Na panapokuwa na habari iliyokwisha thibitika tunaiacha, kama Wahispania: "ni kweli kwamba amefika" ni "es verdad que ha llegado", bila subjuntivo. Ulinganifu unafika mpaka kwenye kona. "La muhimu ni ufike salama" ni "lo importante es que llegues bien", na "la muhimu ni kwamba umefika salama" ni "lo importante es que has llegado bien". Kwa hiyo ukisita, sema sentensi yako kwanza kwa Kiswahili. Ikiwa kitenzi kimeishia na -e pasipo kulazimisha, weka subjuntivo. Kuna pengo la kuangalia: Kiswahili huiacha "kwamba" mbele ya -e, ilhali Kihispania hakiwezi kuishi bila "que" pale. "Es necesario vengas" si Kihispania.

Pale Kiswahili kinapotuangusha ni kwenye upatanisho. Muhimu, lazima, maalumu, maneno haya yaliyokuja na upepo wa kaskazi kutoka Uarabuni hayachukui viambishi vya ngeli: kitabu muhimu, vitabu muhimu, watu muhimu. Tumezoea kuyaacha yalivyo, na mazoea hayo hutufuata. Ndiyo maana "las cosas importante" ni kosa la kawaida sana kwa Mswahili ambaye sehemu nyingine anaandika vizuri. Importante, imprescindible, esencial na vital havijali jinsia, lakini wingi vinaujali: importantes, esenciales, vitales. Necesario, preciso na obligatorio vinajali vyote viwili, na vinapatana na nomino hata inapokuja baada yake: "son necesarias dos fotos", si "es necesario dos fotos". Kanuni ya kukumbuka ni kwamba kivumishi hubaki umoja wa kiume pale tu kinachofuata ni kitenzi au sentensi nzima. Na kitenzi chake ni "ser", si "estar". "Está necesario" haipo.

Kuna mitego michache ya maneno inayostahili kutajwa kwa sababu inaharibu barua nzuri. "Preciso" ina maana mbili, ile ya usahihi wa saa au kipimo, na ile ya ulazima. Kamusi ya Akademia ya Kifalme, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1713, inazitambua zote. "Es preciso que firme" ni Kihispania kizuri cha ofisi, rasmi kidogo. Ukiongeza herufi moja ukapata "precioso" umesema kitu ni kizuri cha kupendeza, na hapo barua yako ya madai imekuwa barua ya mapenzi. "Vital" ni ya uhai na kifo inapokaa na vitu au matendo, lakini "una mujer muy vital" ni mwanamke mchangamfu mwenye nguvu tele, wala si mwanamke wa lazima. "Necesitado" si kinachohitajika. Ni mhitaji, mtu mwenye dhiki. "Conveniente" ina adabu ya nje na meno ya ndani: mamlaka ikikuandikia kwamba "sería conveniente que presentara el documento", usiichukue kama ushauri wa rafiki, peleka karatasi. Na importante yenyewe, ikiwa karibu na kiasi, hasara au ucheleweshaji, huacha umuhimu na kuwa ukubwa: "daños importantes" ni uharibifu mkubwa, "una suma importante" ni fedha nyingi. Anayesoma gazeti la Mexico akatafsiri "retraso importante" kama ucheleweshaji muhimu atabaki akijiuliza umuhimu wake ni nini.

Nafasi ya kivumishi nayo inasema jambo, na wasomaji wa habari za siasa wanapaswa kuwa macho hapa. "Las reformas necesarias" ni mageuzi yale yanayohitajika, yakitofautishwa na yasiyohitajika. "Las necesarias reformas", kivumishi kikiwa mbele, tayari yamekwisha kuamuliwa kuwa yanahitajika. Mwandishi hakuthibitisha, amepitisha hoja mlango wa nyuma. Wahariri wa pande zote hufanya hivyo. Mwanafunzi asiige mpaka awe na hakika anataka kufanya hila hiyo.

Sasa hoja za wanaopinga, maana zipo na si za kupuuzwa. Ya kwanza inasema: importante inaeleweka kila mahali, kwa nini nijitese? Ni kweli inaeleweka, na kwa mazungumzo ya mezani inatosha. Lakini anayeandika maelekezo, mkataba, ripoti au barua ya maombi hapimwi kwa kueleweka neno. Anapimwa kwa kile msomaji atakachofanya baada ya kusoma. Hata mitihani ya Kihispania ya DELE ya Instituto Cervantes huangalia upana wa msamiati pamoja na usahihi wa sarufi, na insha yenye importante mara tano inajishtaki yenyewe. Zaidi ya hayo, kusoma kunakudai kuliko kuandika. Tangazo la kazi la Hispania litasema "imprescindible carné de conducir" kisha mstari wa chini "se valorará inglés", yaani Kiingereza kitathaminiwa. Asiyejua tofauti ataona mambo mawili muhimu, asiombe kwa sababu Kiingereza chake kinachechemea, kumbe kilichokuwa kinamtoa ni leseni tu. Mwenye leseni na Kiingereza kibovu alitakiwa kuomba.

Ya pili ina nguvu zaidi: wenye lugha wenyewe hawazingatii. Fungua gazeti lolote la utalii utakuta ufukwe "imprescindible", mgahawa "imprescindible", vitabu kumi "imprescindibles" vya kiangazi, na hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa kimoja. Hilo siwezi kulikana. Lugha ya matangazo hutumia neno kali mpaka linachakaa, na Kihispania hakijasalimika. Ila tazama matumizi hayo yanaishi wapi. Muuzaji anaazima nguvu ya neno kwa sababu neno bado lina nguvu. Kama imprescindible ingekwisha kuwa sawa na importante, matangazo yasingeihitaji. Na anayeandika matangazo hayo asubuhi, jioni akijaza fomu ya benki iliyoandikwa "documento imprescindible", hafikirii kwamba ni mapendekezo ya kiangazi. Anayejifunza na ashike maana ya fomu kwanza. Ile ya gazeti la utalii itakuja yenyewe.

Ya tatu ni ya adabu, na inawagusa Waswahili hasa, kwa kuwa tumelelewa kuomba hata pale tunapoamuru. Mtu anaona kumwambia mgeni au mkubwa "es obligatorio" au "es imprescindible" ni ukali, afadhali importante yenye upole. Hapa hisia zetu zinatudanganya. Sentensi ya "es" na kivumishi haina mtu ndani yake. Haisemi mimi nakulazimisha, inasema hali ilivyo. Kinachosikika kikali kwa Kihispania ni "usted debe" iliyoachwa peke yake, inayomnyooshea mtu kidole. Anayetaka kulainisha ana njia nyingi ambazo hazipotoshi maana: kuweka "sería" badala ya "es", kutanguliza "le ruego", au kueleza sababu. "Es imprescindible que traiga el pasaporte original, porque en la frontera no aceptan copias" ni sentensi ya heshima kamili, na mgeni atakushukuru. Upole unaomfanya mtu aache pasipoti hotelini si upole.

Kuna pia wanaosema tofauti nyingine ni nyembamba mno, na hao nawaunga mkono. Kati ya imprescindible na indispensable sioni sababu ya kupoteza usiku. Tumia ile inayotumika mahali ulipo. Kati ya esencial na fundamental vivyo hivyo. "Primordial" inaongeza wazo la kutangulia mengine, "decisivo" na "crucial" zinafaa kwa nukta ambapo mambo hugeuka, na "clave" hukaa nyuma ya nomino, "punto clave", ikimaanisha jambo linalofungua mengine. Hayo yanatosha. Anayeanza na vinne, yaani importante, necesario, obligatorio na imprescindible, amefunika sehemu kubwa ya maisha. "Recomendable" na "conveniente" zifuate, zilizobaki zitakuja kwa kusoma.

Mahali pia huamua. Matangazo ya Hispania na ya Argentina hupenda "se precisa", ya kwingineko "se solicita" au "se necesita". Mexico na Costa Rica utasikia watu wakitumia "ocupar" kwa maana ya kuhitaji, na mgeni aliyefundishwa Kihispania cha kitabu hubaki amekodoa macho. "Menester", iliyojaa katika Don Quijote ya Cervantes ya mwaka 1605 na 1615, bado inaeleweka, lakini anayeiandika leo kwenye barua pepe anajivika joho. Guinea ya Ikweta, ambako Kihispania ni lugha rasmi tangu enzi za ukoloni, iko kwenye Umoja wa Afrika pamoja nasi, na Kihispania na Kiswahili vyote viwili vimo katika orodha ya lugha rasmi za umoja huo. Kwa hiyo anayelenga ukalimani wa Addis Ababa ajizoeze zaidi upande wa rasmi, wa preciso na obligatorio.

Na mwisho, jambo ambalo vitabu vya vivumishi haviwezi kukuambia kwa kuwa lingevinyima kazi: mara nyingi kivumishi bora ni kutokitumia. Mhispania wa kawaida akiwa jikoni, gereji au kituo cha basi hasemi "es necesario". Anasema "hay que" pale jambo linapomhusu kila mtu, "tienes que" linapokuhusu wewe, na zaidi ya yote "hace falta". Kirai hiki kinabeba ulazima bila urasmi, kinakubali nomino, kitenzi na sentensi nzima ("hacen falta dos fotos", "hace falta pagar", "hace falta que vengas"), na ukanushi wake, "no hace falta", ndiyo namna ya kawaida kabisa ya kumwambia mtu asijisumbue. Kama una nafasi ya kujifunza neno moja tu baada ya importante, jifunze hilo, hata kama si kivumishi.